Bampa za Gari la Baba

Nianze na neno lenyewe lililoniponza, maana nikianza kulizunguka sitalifikia. Nilikuwa nimesimama kwenye karakana moja ya Hai Mauna, hapa Juba, jua la saa nane limenikalia utosini, na fundi wa bodi, Mganda mmoja mpole mwenye miwani ya kuchomelea juu ya paji la uso, akaniuliza swali la heshima tu. "Madam, lakini mzee iko anajua hii kazi?" Nikamjibu, "Baba haoni. Atajua vipi?" Na nilicheka. Haki ya Mungu, nilicheka.

Gari lilikuwa la Baba. Alilinunua Nakuru tukiwa wakimbizi, kutoka kwa mwalimu aliyekuwa anastaafu: gari la milango minne, rangi ya maziwa, la zamani hata wakati huo. Akalifanya teksi kwenye lango la hospitali na kutusomesha nalo, watoto watano. Tulipokuwa tunarudi Juba watu walimshauri aliuze apande basi. Akawaambia waende zao. Aliliendesha mwenyewe kupitia Uganda hadi Nimule mpakani, mimi nimekaa kando yake, nyuma magodoro na sufuria. Miaka ikapita, presha ya macho ikamla jicho la kwanza, kisha la pili, na usukani ukanijia mimi. Naliendesha kila siku kwenda Amarat, kwenye hoteli ambako nasimamia usafi wa vyumba. Nina mdomo, wafanyakazi wenzangu watakwambia. Naamrisha watu kutwa nzima, na nyumbani sikuacha.

Sasa bampa. Kama hujawahi kuona magari ya wakati ule, bampa ilikuwa ukanda mpana wa chuma uliopakwa kromu, unang'aa mpaka unajiona, umejitenga na mwili wa gari kiasi cha kiganja kizima. Juu yake zilisimama pembe mbili fupi za chuma, zenye mpira usoni, za kuzuia gari lisigongwe. Mbele mbili, nyuma mbili.

Baba alipokuwa haoni tena, aliishi kwa hizo bampa. Kila asubuhi baada ya chai alitoka na kitambaa chake chini ya rakuba, kile kibanda cha nyasi tunachokaa kivulini, akaenda hatua kumi na moja mpaka mkono wake ukaikuta pembe ya mbele ya kushoto. Pembe hiyo ilikuwa na kibonyeo. Tulipokuwa tunarudi tulizama kwenye matope, na lori lililotuvuta lilifunga mnyororo hapo, ukapita kwenye mpira na kukibonyeza chuma. Kidole gumba cha Baba kiliingia humo sawasawa. Akishakiweka, alijua yuko wapi. Kuanzia hapo alilifuta gari lote kwa mkono, taratibu, bampa ya mbele, ubavu, mlango, mlango, mpaka akafika nyuma. Hapo alikaa juu ya bampa, akavaa viatu vyake vya kufunika, akafungua redio yake ndogo. Hakuwa anakwenda popote. "Dereva havai ndala," alisema, na hakutaka kujadiliana.

Kuna jambo moja lazima lijulikane. Siku daktari alipotuambia kwamba hakuna tena la kufanya, Baba alingoja mpaka tukafika nyumbani. Kisha akaniambia, "Mama." Huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake. "Mama, kuanzia leo wewe ndiye macho yangu. Usinidanganye, hata kwa kunihurumia." Nikamwahidi. Mara moja tu nilimwambia shati lake ni safi ili tusichelewe kanisani, na shangazi, dada yake, akalipigia kelele doa la mchuzi mbele ya waumini wote. Baba hakunisemesha siku mbili. Siku ya tatu akauliza, "Kuna kingine?" Nikasema hakuna. Tangu hapo nilimwambia kila kitu kama kilivyo, nani amenenepa, rangi ya mlango imepasuka wapi, mchungaji amesinzia au anaomba. Na yeye aliniamini bila kunipima. Sikuwa na kitu kingine cha thamani kuliko hicho, na sikukijua.

Basi kwa nini nilifanya vile? Nimejiuliza sana na jibu halinifurahishi. Nilitaka kuonekana, basi. Mpishi mmoja Mkenya pale hotelini, mtu wa maneno mengi, alinionyesha picha kwenye simu yake. Gari ni la aina ile ile ya letu, rangi ile ile, lakini bampa zimeingizwa ndani zikalala na mwili wa gari, pembe hakuna, skrubu hakuna, laini kabisa. "Hii imenyolewa," akasema. "Yenu bado ina ndevu." Tukacheka, lakini nilipotoka jioni nikaliangalia gari letu pale kwenye maegesho, katikati ya magari makubwa meupe ya mashirika, nikaona ndevu tu. Wiki nzima sikuona kingine.

Nafasi ikapatikana bila kuitafuta. Kila joto linapozidi, Baba huenda kukaa kwa shangazi Hai Jalaba, kwenye nyumba ya zamani yenye kuta nene, ambako mtu anaweza kupumua mchana. Nilimpeleka, nikambusu mkono, na kutoka pale sikwenda nyumbani. Nilikwenda Hai Mauna.

Kazi yenyewe ukielezwa ni rahisi. Unafungua bampa, unakata vyuma vinavyoishikilia, unavifupisha, unavichomelea upya ili bampa irudi ndani. Pembe unazitoa. Matundu yaliyobaki unayaziba kwa moto, unayasaga kwa grainda mpaka ukipitisha mkono hujui palikuwa na nini. Fundi alinieleza hivyo kwa fahari, akipitisha kiganja hewani, nami nikatingisha kichwa kama mtu anayeelewa.

Siku ya tatu nikapita baada ya kazi. Bampa zilikuwa zimelazwa chini juu ya gunia. Kila mahali moto ulipogusa, kromu ilikuwa imegeuka bluu na kahawia, na pembeni imebanduka kama ganda la kitunguu. Woi! Nilipiga kelele mpaka mafundi wa jirani wakaacha nyundo zao.

"Umefanya nini?"

"Madam, kromu kwa moto inakufa."

"Kwani hukujua?"

"Mimi ilijua. Wewe ilisema mashimo nizibe. Mashimo inazibwa na moto." Hakuwa ananikejeli. Alikuwa ananiangalia kwa huruma, kama muuguzi.

Nikamuuliza ni nani Juba hii anayeweza kurudisha kromu. Akafikiri kweli kweli, akawauliza wenzake kwa Kiarabu cha Juba, wakajibizana, wakatingisha vichwa. Hakumjua yeyote. Akasema kalas, basi, tuzipige rangi ya gari, zitapendeza. Nilisimama pale na mikono yangu mitupu. Nimezoea kugomba mpaka kitu kirudi mahali pake, shuka, taulo, ufunguo. Kromu haigombezwi. Nikasema, haya, piga rangi.

Na wacha niseme ukweli mwingine: lilipendeza. Siku niliyolichukua nilizunguka njia ndefu makusudi. Lilikuwa safi, limeshikana, halina pembe, halina kelele, maziwa matupu kutoka mbele hadi nyuma. Walinzi wa hoteli walitoka kwenye kibanda chao. Mpishi alipiga mluzi. Nilifurahi siku mbili nzima, na ndani ya hizo siku mbili nilitunga maneno ya kumwambia Baba: nimerekebisha bampa kidogo. Nililifanyia mazoezi hilo "kidogo" nikiwa peke yangu garini.

Nilikwenda kumchukua Hai Jalaba Jumamosi baada ya chakula cha mchana. Alikuwa barazani na fimbo na mkoba wake. Akasikia injini tangu kwenye kona, nikamwona anatabasamu. Shangazi alikuwa bado ndani anafunga karanga za kutupatia. Hapo ndipo ningesema. Muda ulikuwepo. Nilishuka, nikachukua mkoba, nikamwuliza kama amelala vizuri. Yeye alikuwa ameshika viatu vyake mkononi, na akiongozwa na joto la gari akapita ubavuni, mlango, mlango, akafika nyuma. Akageuka akae avae viatu.

Nilifungua mdomo. Najua nilifungua. Alikaa juu ya hewa, mgongo ukaparuza buti ya gari, akateleza mpaka chini kwenye vumbi, miguu mbele, kiatu kimoja kikaruka.

Shangazi alitoka anapiga yowe. Tulimfuta, tukamtazama. Kiwiko kilikuwa kimechunika, basi, Mungu alimhurumia. Lakini hakutaka kuinuliwa. Alinyanyua mkono kutoka pale chini, akaitafuta bampa, akaipapasa kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Akarudia. Akarudia tena.

"Hii ni gari ya nani?" akauliza.

"Yetu, Baba."

"Mama."

"Ni yetu, Baba. Nilipeleka bampa kwa fundi, nikazipunguza. Nilitaka zipendeze."

Akasimama kwa fimbo, akazunguka hadi mbele, akaweka gumba mahali pa kibonyeo. Palikuwa laini. Gumba lilizunguka pale, likatafuta juu, likatafuta chini, kama mtoto anayetafuta titi usingizini. Siwezi kuisahau hiyo picha, na nimejaribu.

"Washa," akasema.

Nikakimbia kuwasha. Injini ile ina kikohozi chake cha kwanza, anakijua kuliko sauti yangu. Ikakohoa, ikakaa. Baba akainamisha kichwa.

"Injini ni yangu," akasema.

"Si nimekwambia!"

"Injini ni yangu. Bodi ni ya nani?"

Lazima umjue Baba na magari ili uelewe. Nakuru alihamisha injini mara mbili kwa mikono yake. Mlango wa kulia ulitoka kwenye gari lililopinduka, viti vya nyuma vilitoka kwa jamaa mmoja aliyefariki. Kwake gari ni kitu kinachofunguliwa na kufungwa, kila kipande kinaweza kuhama. Nikamwekea mkono kwenye viti. Akasema viti huhamishwa. Nikamwonyesha ufa wa dashibodi. Akasema dashibodi ni skrubu sita. Nikamtajia namba za gari. Akasema namba ni skrubu mbili, mama, hata wewe unaweza. Shangazi akaapa kwa jina la Mungu kwamba gari ni lile lile. Baba akamwambia, "Wewe hata baiskeli huijui." Katika maisha yote ya gari lile kipande kimoja tu, bampa, hakikuwahi kufunguliwa. Kilikuja na gari na kilikaa na gari.

"Nikuulize jambo moja," akasema, sauti imetulia kabisa. "Bampa zangu ziko wapi?"

Nikasema ndizo hizo. Nikajisikia nikisema, na hata mimi ningekuwa yeye nisingeamini. Akaniomba nimfungulie mlango wa nyuma. Tangu nizaliwe sikuwahi kumwona amekaa nyuma ya gari lile. Alikaa katikati, mikono juu ya fimbo, na tulipofika nyumbani akasema, "Asante dereva," kwa adabu zote, kama abiria.

Jumatatu asubuhi niliwahi kwa fundi. Nilikuwa nimejiambia nikizipata pembe, nikipata ile moja tu, mambo yatakwisha. Sikuhitaji hata kuuliza. Pembe mbili za mbele zilikuwa zimechomelewa kwenye geti lake jipya, zimekuwa vishikio. "Chuma ya zamani ni nzuri sana, madam," akasema, na kulifungua na kulifunga geti ili nione. Za nyuma alikuwa ameshampa mtu. Nilimsihi. Mimi, ninayejulikana kwa ukali, nilimsihi fundi mbele ya geti mpaka akavaa miwani yake na kuikata ile ya kushoto. Mpira ulikuwa umeungua wote. Lakini kibonyeo kilikuwepo kwenye chuma.

Niliileta nyumbani mapajani. Baba alikuwa kitandani, ingawa jua lilikuwa limeshatoka zamani na chai ilikuwa imepoa. Nikamwekea mkononi. Gumba likaingia mahali pake papo hapo, na uso wake ukafunguka, nami nikaanza kulia kwa furaha kabla ya wakati.

"Ndiyo," akasema. "Hii ni yangu."

"Umeona sasa, Baba? Umeona?"

"Nimeona. Mnunuzi ni mtu mwema." Akaipangusa kwa shuka. "Amekubali kukurudishia moja."

Nilipiga magoti pale pale. Nikaeleza yote tangu mwanzo, mpishi, picha, ndevu, fundi, moto, kromu, rangi, geti. Baba alikuwa amesikiliza neno kwa neno, huku gumba likitembea.

"Mama, sikiliza," akasema. "Mtu hauzi gari ya baba yake bila shida. Ungeniambia tu. Malesh, si kitu, yamekwisha. Mimi mwenyewe niliuza fahali wa baba yangu nikamwambia amepotea. Nilikuwa na sababu, na wewe unayo."

"Sikuuza, Baba! Niliikata! Niliikata kwa sababu nilijua huoni!"

Akanyanyua kiganja kunizuia.

"Nimeshakusamehe," akasema. "Usiniharibie."

Sasa niambie, ningefanya nini? Kila nilipomwambia ukweli, alisikia nikimdanganya, na kila niliponyamaza alinishika mkono. Nikanyamaza. Alhamisi nilijaribu tena, shangazi akiwa shahidi, nikaona Baba anavyokunja uso, mdomo unavyoporomoka pembeni, nikaacha. Pembe aliifunga kwenye kile kitambaa chake cha kufutia na kuiweka chini ya mto. Asubuhi hatoki tena. Zile hatua kumi na moja hakuna anayezitembea, na redio inalia chumbani. Gari nalifuta mimi, kwa haraka, kabla ya kwenda kazini, na linapendeza bado. Juzi mtu wa hotelini aliniuliza ni nani alinifanyia kazi ile, maana na yeye ana gari la kwake anataka linyolewe. Nikamwambia fundi amehama.

Jumapili iliyopita tulikuwa tumetoka kanisani. Nilimfungulia mlango wa nyuma, lakini hakuingia. Alisimama na fimbo yake, viatu vya kufunika vimepigwa rangi, amegeuzia uso mahali ambapo hakukuwa na mtu.

"Uliyemuuzia," akasema. "Humwoni siku hizi?"

Watu walikuwa wanapita wakitusalimu. Nilikuwa nimeegemea nyuma ya gari, mkono wangu uko juu ya bampa, na rangi ilikuwa ya moto kwa jua.

"Namwona, Baba."

"Anaitunza?"

"Anaitunza."

"Bampa je? Bado zinang'aa?"

Nilitazama ile rangi laini ya maziwa chini ya kiganja changu.

"Zinang'aa, Baba. Unajiona."

Akaitikia kwa kichwa polepole, akatabasamu. Sikuwa nimeliona tabasamu lile tangu siku ile barazani. Akaitafuta sehemu ya juu ya mlango asijigonge, akainama aingie, kisha akasita.

"Kuna kingine?" akauliza.

"Hakuna," nikasema, nikamfungia mlango.